Fundi Ut Nhan na Pikipiki Iliyokataa Daraja

"Unajua anachofanya yule?" Bi Tam aliuliza, ameinama juu ya kapu la Tham kama mtu anayekagua ususi. "Ukimpelekea pikipiki, anachomoa sahani nzima za klachi anakurudishia mikweche. Zile nzima zinavuka mto, zinauzwa. Unadhani kwa nini chombo cha Chin kimekataa kupanda daraja? Mara tatu kimetengenezwa, mara tatu kimekataa. Mimi simo, lakini ndivyo wanavyosema."

"Wanaosema ni akina nani, Bi Tam?"

"Watu."

Tham aliwajua hao watu. Walikuwa Bi Tam mwenyewe, na mwenye duka la barafu kama alikuwa karibu. Alikuwa ameketi mlangoni kwake, magugu maji makavu yamemjaa mapajani, na kidole gumba cha mguu kimefungwa uzi uliokwenda hadi kwenye bembea ya kitambaa alimolala mwanawe, Bap. Mikono ilisuka kapu, mguu ulibembeza mtoto. Kilichobaki bila kazi ni macho, na macho hayakuwa na pengine pa kwenda isipokuwa ng'ambo ya kichochoro, kwenye gereji ya Ut Nhan.

Bi Tam alipoona maneno yake hayapati mnunuzi, alirudi kwenye sufuria yake ya uji wa bata pale kwenye kona, ambako wanunuzi hawakosekani.

Yale maneno yalimkaa Tham kifuani. Mumewe alifanya kazi kwenye matishari ya mchanga, wiki tatu hayupo, wiki moja yupo. Siku Bap alipotaka kuzaliwa, aliyemfikisha Tham hospitali ni Ut Nhan, kwa pikipiki yake ya magurudumu matatu, akipiga honi njia nzima kama anasindikiza bibi harusi, na akiwatukana wenye malori kwa majina ya wanyama. Tham alicheka katikati ya uchungu. Mtu wa namna hiyo aibe sahani za klachi?

Ut Nhan alikuwa na miaka hamsini na mbili. Polio ilimkausha miguu angali mdogo, kwa hiyo ndani ya gereji alitembelea ubao wenye vigurudumu vinne vya chuma, akijisukuma kwa viganja kutoka kwenye boksi la spana hadi kwenye pikipiki. Ukimwona mara ya kwanza ungemhurumia, mpaka utambue kwamba pale chini macho yake yako sawasawa na injini, wakati mafundi wengine wote wanapinda mgongo. Nywele alizikata fupi kama za mwanamume. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Juu ya mlango alibandika kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: UT NHAN. MAGURUDUMU MATATU. USIBEBWE.

Hilo neno la mwisho lilikuwa na kisa chake. Alipokuwa msichana, kaka zake walimbeba mgongoni kwenda kwenye harusi za ndugu. Wanamkalisha kwenye kiti, wanamwekea sahani, kisha wanamsahau. Kwenye harusi moja alisahauliwa mpaka wageni wakaisha, vyombo vikaoshwa, na vijana wa turubai wakaanza kulifungua juu ya kichwa chake. Kijana mmoja akamuuliza, "Dada, na wewe ni wa kukodi?" Ut Nhan alipokisimulia kisa hiki alicheka mpaka akakohoa. Lakini wiki ile ile aliuza hereni zake akanunua pikipiki kuukuu, akaikata nyuma, akaiunganishia ekseli ya magurudumu mawili, na safari yake ya kwanza ilikuwa kilomita thelathini, peke yake, kwenda kula tambi za samaki katika mji ambao hakuna aliyemjua. Alirudi na joto la jua na tumbo limejaa. Hakubebwa tena na mtu.

Baada ya hapo walianza kuja wengine. Sasa alikuwa na wateja wanane wa kudumu, wote wauzaji wa tiketi za bahati nasibu, wote miguu yao ina kasoro, na wote wanatembelea vyombo alivyoviunda yeye. Alitumia pikipiki za aina moja tu, zile zisizo na mkono wa klachi. Ukisukuma gia, klachi inajiachia yenyewe. Ukiiachia gia, klachi inashika. Kwa kuwa wateja wake hawakuwa na mguu wa kukanyagia gia, yeye aliunganisha fimbo ndefu ya chuma kutoka kwenye gia hadi kando ya paja, ikabadilishwa kwa mkono. Kichwa cha fimbo alikikunja kidogo kuelekea juu, ili kiganja chenye jasho kisiteleze.

Wa kwanza kati ya hao wanane alikuwa Chin Dom. Alipoteza mguu wa kushoto chini ya goti kwenye kamba ya tishari, na miaka kumi na miwili iliyopita alifika gerejini amebebwa na shemeji yake, akaondoka anaendesha. Ndiye aliyewafundisha wale saba wengine kuendesha, kupanga tiketi kwenye ubao wa kifua, na kumjibu mlevi asiye na nia ya kununua. Mkewe alifariki miaka minne nyuma. Alikuwa mtu wa heshima, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua, na kusemwa hakukuzoea.

Chombo chake kilianza kuugua mwanzoni mwa msimu wa joto. Tham alikuwa pale mlangoni siku alipokuja mara ya kwanza, alasiri, tiketi zimeisha kifuani.

"Dada Ut, inalia kama nguruwe anayefungwa kamba."

"Inalia wapi?"

"Darajani. Naweka gia ya pili, navuta mafuta, injini inapiga kelele, chombo hakiendi. Naweka ya kwanza, ni yale yale."

"Na tambarare?"

"Tambarare inakwenda, lakini kama mtu aliyelala."

"Ukirudi mchana je?"

"Mchana..." Chin aliangalia pembeni. "Mchana kwa lile joto hata mimi mwenyewe sipandi. Wewe angalia klachi, dada."

Ut Nhan alifungua nati ya chini, akadondosha oili kidogo nyuma ya tiketi ya jana. Tiketi huchezeshwa kila siku alasiri, na zisizoshinda hazina kazi tena, kwa hiyo wauzaji walimletea mafungu kwa mafungu. Karatasi yake haipitishi oili upesi. Tone linakaa, unalisoma. Punje nyeusi kama pilipili manga, klachi inakufa. Vumbi linalometameta, ni meno ya gia. Kisha alinusa. Klachi iliyoungua, alipenda kusema, hunuka kama wali uliogandia sufuriani na kandambili ndani yake.

Haikunuka. Oili ilikuwa imechoka tu kidogo. Aliibadilisha, akaegemeza gurudumu la mbele kwenye kisiki cha mnazi kilichochimbiwa uani kwa kazi hiyo, akaweka gia ya juu, akavuta mafuta taratibu. Klachi inayoteleza huacha injini iendelee kuvuma huku chombo kimesimama. Hii ilikohoa ikazimika palepale. Maana yake klachi inashika, tena inashika kwa meno yote.

"Nenda," alisema.

Kesho yake asubuhi ililia darajani.

Mara ya pili Ut Nhan alibadilisha springi na sahani, akaweka mpya. Kisikini ikazimika vizuri. Darajani ikalia. Mara ya tatu alirekebisha skrubu ya klachi, ile ya ubavuni, ambayo robo mzunguko tu inatosha kumfurahisha mtu au kumliza. Ikalia tena. Na hapo ndipo maneno ya Bi Tam yalipopata miguu, ingawa magurudumu ya Chin yalikuwa yamekwama.

Siku ya Alhamisi Chin alikuja na wenzake watatu. Vyombo vinne vilijaa kichochoroni mpaka mwenye duka la barafu akalazimika kupitisha mkokoteni wake ubavu ubavu. Bi Tam alisogea na upawa mkononi, eti anatafuta chumvi.

"Karibuni," Ut Nhan alisema. "Msinizibie mwanga tu."

Hakuna aliyemwambia yanayosemwa, lakini Tham alitambua kwamba ameyasikia, kwa sababu hakwenda kwenye skrubu wala kwenye oili. Alitandika jani la mgomba sakafuni, akafungua kifuniko cha klachi mbele ya wote, akachomoa sahani moja moja na kuzipanga juu ya jani kama vitumbua.

"Bi Tam, wewe una macho mazuri. Njoo uzihesabu."

"Aa, mimi simo."

"Njoo uwemo."

Watu walicheka. Bi Tam akasogea shingo upande, akahesabu kwa upawa. Ut Nhan alimpa kila mmoja aipapase sahani kwa ukucha. Zilikuwa nene, mpya, nyuso zake laini bila mchubuko.

Mmoja wa wauzaji, mwanamke mnene anayeitwa Nam Hen, aliuliza kile ambacho kila mtu alikuwa nacho mdomoni. "Sasa kama ni nzima, shoga, mbona inateleza?"

Ut Nhan alifuta mikono polepole. "Sijui," alisema.

Tham aliacha kusuka. Katika miaka mitatu ya kuishi mkabala na mwanamke huyu hakuwahi kumsikia akitamka neno hilo.

Chin Dom aliinamisha kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Dada Ut, mimi nakuamini. Lakini miguu yangu ndiyo hii. Kesho napumzika, nina kumbukumbu ya marehemu mke wangu nyumbani. Jumamosi asubuhi nikikwama tena, navuka kwenda kwa yule kijana wa gereji mpya, anitolee injini hii aweke isiyo na gia."

"Na hawa?"

Wale watatu waliangalia magurudumu yao.

"Hawa sijawaambia kitu," Chin alisema. "Ila unatujua. Tunakwenda pamoja."

Walipoondoka, Ut Nhan alizirudisha sahani mahali pake, akafunga kifuniko, akabaki pale chini kwenye ubao wake mikono mapajani. Tham alielewa. Wakihama wanane wale, gereji itabaki na kuziba pancha za baiskeli za shule, na lile neno "mwizi" litabaki mtaani likizunguka bila wa kulizuia.

Jua lilipopungua makali, Tham alivuka kichochoro na bakuli la ndizi za nazi, Bap kiunoni. Alisimama mlangoni muda. Yeye si mtu wa kusema mbele ya fundi. Aliacha shule baada ya msingi, na pikipiki aliijua kwa kupakiwa tu.

"Ingia, mwanangu. Mbona umesimama kama mdai?"

"Shangazi, mimi sijui mambo haya. Ila... mchana inapanda."

"Nini inapanda?"

"Ya Kaka Chin. Nikitoka kupeleka makapu ng'ambo, nampita anarudi. Juzi nimemwona, na leo. Anapanda daraja kutokea upande ule, wala hailii."

Ut Nhan aliweka bakuli chini. "Upande ule mwinuko ni mkali kuliko huu."

"Ndiyo."

"Na injini mchana inakuwa imechemka."

"Sijui, shangazi."

"Mimi najua. Klachi mbovu ikipata moto inazidi ubovu. Hii asubuhi ni mgonjwa, mchana imepona!" Alipiga paja lake jembamba kwa kiganja. "Hiyo si klachi. Huyo ni mtoto anayekwepa shule!"

Bap, alipoona watu wazima wanacheka, naye alicheka, akatumbukiza mkono kwenye ndizi.

Ut Nhan alimwangalia mtoto anavyojipaka nazi mpaka kwenye nyusi. "Kosa langu nimemngoja aniletee hapa," alisema. "Kila mara anakuja alasiri, ameshapona. Jumamosi asubuhi twende tukamwone kule kule anakougulia. Utanisindikiza? Wewe una macho yasiyo na kelele."

Ijumaa ilipita kwa uzito. Bi Tam alitangaza kwamba sahani zile zilizopangwa juu ya jani zilikuwa za maonyesho tu.

Jumamosi asubuhi Tham alipanda nyuma ya chombo cha Ut Nhan, Bap amefungwa kifuani kwa kitambaa, wakashuka hadi chini ya daraja. Daraja lile limepinda juu kama mgongo wa paka ili matishari yapite chini yake, na kila asubuhi mji mzima hulipanda kwenda sokoni. Nam Hen na wauzaji wengine sita walikuwa tayari wamejipanga pembeni na ubao wa tiketi kifuani. Walisema wamepita tu. Wote saba, kwa pamoja, wamepita tu.

Chin Dom alikuja akiwa amenyoosha shati. Alisalimia, akashika fimbo ya gia, akauanza mwinuko. Hakufika hata theluthi. Injini ilipandisha sauti, ikapiga ukelele, na chombo kikapunguza mwendo mpaka mwanamke aliyebeba majogoo wawili akampita kwa miguu.

"Funga breki hapo hapo!" Ut Nhan alipiga kelele. "Usizime!"

Alipanda na chombo chake mpaka kikasimama ubavu kwa ubavu na cha Chin, upande wa fimbo ya gia. Hakushika spana. Aliinama tu, akanusa, akasikiliza, macho yakitambaa kwenye injini. Kisha alinyoosha kidole kimoja, akakiweka chini ya kichwa cha fimbo, akakiinua kidogo tu, kiasi cha kumwinulia mtoto kidevu.

"Vuta mafuta, kaka. Kidogo."

Injini ikabadilisha sauti. Chombo kiliruka mbele, breki zikalia.

Ut Nhan alishusha kidole. Ukelele ukarudi. Akainua, ukaondoka. Akashusha. Wale saba kule chini hawakuona kitu, kwa sababu mabega yake mapana yaliziba. Tham, aliyeketi nyuma yake, aliona. Alikifuata kile kidole kwa macho, kutoka kwenye fimbo hadi kwenye kile kilichoning'inia kwenye fimbo.

Ulikuwa mfuko wa nailoni wenye kamba nyekundu, umenasa vizuri kabisa kwenye ile kona iliyokunjwa kuelekea juu. Mzito. Ndani mlikuwa na wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la mgomba, barafu ya kutosha kuhifadhi samaki, na vikombe viwili vikubwa vya kahawa. Kimoja cheusi kama oili chafu. Kingine rangi ya maziwa.

Chin Dom hanywi maziwa. Alisema kila siku, tena kwa sauti, kwamba maziwa ni ya ndama. Na Tham, ambaye kila akipeleka makapu hupita sokoni ng'ambo, alimkumbuka mara moja Bi Lua, mjane anayechonga mananasi chini ya mwavuli wa bluu, jinsi wiki hizi anavyokunywa kahawa ya maziwa na mfuko wa kamba nyekundu kando yake, na jinsi siku hizi anavyopaka rangi ya midomo kuchonga mananasi.

Ut Nhan aliutazama mfuko. Akamtazama Chin. Chin aliutazama mto kwa makini, kana kwamba ameupoteza mguu wake juzi na ungeweza kupita unaelea. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Tham alifungua mdomo. Hakupanga kusema; neno lilikuja lenyewe, kwa furaha ya kuona. Akahisi mkono wa Ut Nhan umepita nyuma na kumfinya goti, si kwa upole.

"Kaka Chin," Ut Nhan alisema kwa sauti ya kusikika hadi chini, "nimeupata ugonjwa. Ni skrubu. Tham, mshikie kaka mfuko wake, nisije nikaumwagia oili."

Tham akauchukua mfuko. Ulimvuta mkono. Ut Nhan alitoa bisibisi na spana ndogo, akalegeza nati ya ubavuni, akaizungusha skrubu robo kwenda kulia. Akakohoa. Akairudisha robo ile ile kushoto, akakaza nati. Tham alihesabu. Skrubu ilikuwa pale pale ilipokuwa kabla.

"Haya. Panda."

Chin Dom alivuta mafuta. Chombo kiliondoka kimya, kikampita mwanamke wa majogoo, kikapita mkokoteni wa nazi, kikafika kileleni kabla Nam Hen hajamaliza kusema "Mama yangu!" Wale saba walipiga honi zote kwa pamoja. Mtu kwenye tishari chini ya daraja akajibu kwa honi yake bila kujua anasherehekea nini. Bap aliziba masikio, kisha akayazibua ili asikie tena.

Kule juu Chin aligeuka, mikono hewani kama mshindi wa mashindano. Halafu mikono ikashuka.

"Mfuko wangu!" alipaza sauti. "Tham! Barafu inayeyuka!"

"Barafu ya leo ina haraka gani?" Nam Hen alimtania kutoka chini. "Tangu lini unaitunza barafu kama yai?"

"Kuna joto!"

"Joto la saa kumi na mbili na nusu asubuhi!"

Ut Nhan hakuwaacha waendelee. Alipanda haraka na Tham hadi kileleni, akakata kipande cha waya kutoka kwenye boksi lake, akakikunja kwa koleo nyuma ya egemeo la kiti cha Chin, mara tatu, kikawa ndoano.

"Skrubu hii nimeipima kwa unywele," alimwambia Chin, sasa kwa sauti ndogo. "Fimbo ya gia isiguswe na kitu chochote ila mkono wako. Hata leso. Mizigo yako itakaa huku nyuma. Kuna kivuli cha mgongo wako, vitu vitafika vya baridi."

Chin aliangalia ndoano. Akaangalia fimbo. Tham hakuweza kujua ameelewa kiasi gani. Labda chote. Alimeza mate, akasema, "Dada Ut, juzi nilisema maneno..."

"Ulisema Jumamosi. Leo Jumamosi. Nenda, watu wanangoja kahawa... wanangoja tiketi."

Alicheka, yule mwanamume wa kunyoosha mashati, kicheko kifupi cha kijana aliyekutwa. Tham alitundika mfuko kwenye ndoano mpya, na chombo kikateremka upande wa pili kuelekea sokoni. Wale saba wakampita Ut Nhan mmoja mmoja wakimfuata, na kila mmoja akipita alimpigia honi. Nam Hen alisimamisha kabisa.

"Jumatatu nakuletea yangu," alisema. "Gia ya tatu inakuwa ngumu. Yule kijana wa ng'ambo simjui hata jina."

Walibaki wao, katikati ya daraja, upepo wa mto ukiwapuliza. Ut Nhan alizima injini. Alipiga mwayo mrefu akifuta bisibisi, na hapo ndipo Tham alipojua kwamba mwanamke huyu hakuwa amelala siku mbili hizi.

"Ile fimbo niliikunja mimi," Ut Nhan alisema. "Nikidhani naitengenezea kiganja, kumbe namtundikia mtu kifungua kinywa. Uzito ule unaisukuma gia kidogo. Hautoshi kuibadilisha, lakini unatosha kuiachia klachi. Mchana anarudi mfuko mtupu, anapanda, ila kwangu anasema hapandi, nisije nikauliza alikokuwa. Anakuja kwangu mikono mitupu, nami naikagua klachi nzima kama chizi."

"Shangazi, kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba ni mfuko. Sahani zilikuwa nzima, springi nzima, kila kitu ulikitengeneza sawa. Bi Tam anasema wewe..." Tham alishindwa kulitamka. "Ningewaambia mimi, wote, pale pale. Wangenyamaza leo leo."

"Wangenyamaza kuhusu mimi," Ut Nhan alisema. "Halafu wangeuliza, mfuko una nini? Wangeufungua, wangehesabu vikombe. Unawajua watu wetu. Ingefika saa nne, Lua angekuwa ameshaolewa mara mbili na kuachwa mara moja, na yeye mwenyewe hajamaliza kuchonga nanasi la kwanza. Chin asingevuka tena daraja hili na kahawa ya mtu. Miaka minne, mwanangu, nimemwona anapiga pasi mashati ya kwenda kuzungumza na walevi."

Tham alimfuta Bap makamasi, akamfuta tena ingawa yalikwisha. Alifikiria shati lile lililopigwa pasi. Alifikiria na kile kibao chekundu juu ya mlango, na neno baya linalozunguka mtaani.

"Mimi nimesemwa tangu sijaota meno," Ut Nhan aliendelea, akiwasha injini. "Nina ngozi yake. Chombo kimepanda, wateja wamekiona kinapanda, Jumatatu Hen analeta chake. Kwangu mimi yanatosha." Aligeuza shingo, akamtazama Tham usoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili. "Ila wewe umeona. Ukifika mtaani watakuzunguka, watakuuliza, na wewe hujui kusema uongo, uso wako ni dirisha. Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, jifunze huu mmoja tu. Sema ilikuwa skrubu. Na wakiuliza nani aliilegeza, sema ni mimi."